Miche ya hoho na nyanya inageuka nyeupe ikitoka kitaluni: ni jua au ugonjwa?

Kitalu_Kisesa aliuliza:

Habari za leo wakuu. Naomba msaada wa kitaalamu.

Miche ya hoho na nyanya ililelewa kwenye trei chini ya shedi neti nyeusi ya asilimia 75, kisha ikahamishiwa shambani huku Kisesa, Mwanza, udongo wa kichanga (luseni). Kitaluni ilikuwa kijani kizito, majani mapana na laini. Siku chache tu shambani, majani ya juu yametoka mabaka meupe, mengine yamekuwa kama karatasi kabisa. Maji yapo, yanamwagiliwa asubuhi na jioni. Wadudu sioni.

Majibu niliyopewa hayafanani: wa kwanza kasema ukungu, nipige dawa, wa pili kasema njaa ya mbolea, niongeze Urea, wa tatu kasema matone ya maji yanageuka lenzi na kuunguza jani. Sasa kama ni jua, mbona nyanya zilizojiotea zenyewe pembeni ya shamba hilohilo zinawaka kijani na hazina doa? Naomba kuelezwa jua linaharibu nini hasa ndani ya jani, na miche iliyobaki kitaluni niifanyeje.

---

UmbijaniTz alijibu:

Mkuu, hizo nyanya zilizojiotea ndizo zinazokupa jibu. Jua ni lile lile, jani ndilo tofauti.

Kwanza hakikisha. Tafuta mahali ambapo jani moja lilikuwa limelalia jingine, ulinyanyue. Kama chini yake kuna umbo la kijani lenye mpaka mkali, limechorwa kwa kufuata kivuli cha jani la juu, huo si ukungu. Ukungu haufuati kivuli. Geuza na upande wa chini: utitiri mwekundu huacha vidoa vidogo vingi na utando mwembamba, bakteria huacha madoa yenye duara la njano, na dawa ya magugu iliyopeperuka huacha alama za matone hata kwenye majani ya chini. Weupe wa jua unakaa upande ulioelekea juu, hasa majani yaliyolala bapa.

Sasa ndani ya jani. Mwanza tuko kama nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta, zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la mchana linapita utosini. Saa sita ya siku isiyo na wingu jani linapokea takriban mikromoli 2,000 za fotoni kwa mita mraba kwa sekunde. Chini ya neti yako ya asilimia 75 lilikuwa linapata kama 500. Jani lililokulia kwenye kivuli hicho limejijenga kukusanya mwanga, halikujijenga kuutumia: lina antena (mitego ya mwanga) kubwa za umbijani, yaani klorofili, rubisko kidogo (kimeng'enya kinachofunga kaboni), na akiba ndogo ya rangi za kinga. Umelipandishia mwanga mara nne kwa siku moja.

Umbijani ukishameza fotoni, nishati ina njia tatu. Iende kazini, elektroni zisafiri hadi kutengeneza sukari. Itoke kama joto. Au irudishwe nje kama mwanga hafifu mwekundu. Njia hizo zikizidiwa, umbijani unabaki umesisimka na kuingia katika hali iitwayo tripleti. Tripleti ikikutana na oksijeni, na jani linatengeneza oksijeni palepale, inaigeuza kuwa oksijeni singleti, yaani oksijeni kali inayounguza. Hii inaishi muda mfupi mno, kwa hiyo inachoma kilicho karibu: protini ya D1 iliyo katikati ya mfumonuru wa pili (moja ya mitambo miwili ya jani inayotumia mwanga kusukuma elektroni), mafuta ya utando wa thailakoidi (vifuko vidogo ambamo umbijani umekaa), na umbijani wenyewe. Weupe unaouona ni umbijani uliokwisha kuharibiwa.

Upande wa mfumonuru wa kwanza shida ni nyingine. Elektroni zinaendelea kufika lakini hakuna anayezipokea, ni sawa na magari yanayozidi kupanga foleni gatini wakati pantoni haijarudi. Zinarukia oksijeni na kuunda superoksidi, nayo inageuka peroksidi ya haidrojeni. Jambo hili Alan Mehler alilionyesha mwaka 1951. Hapa ndipo maji ya shambani yanapoingia kwenye hadithi: mche uliokatwa mizizi wakati wa kuhamisha unafunga vinyweleo vya majani (vitundu vya kupitisha hewa) hata kama udongo umelowa, kaboni dayoksaidi haiingii, sukari haitengenezwi, elektroni zinakosa pa kwenda. Ndiyo maana kumwagilia kwako hakukuokoa majani.

Mmea una kinga, tena za kupangana. Kuna za nje: maharage na mihogo husimamisha majani yake saa za jua kali ili mwanga uyateleze pembeni (usidhani kila mara yamenyauka), na majani machanga ya mwembe huwa mekundu kwa anthosianini inayochuja mwanga wakati kloroplasti (vyumba vya seli vinavyobeba umbijani) bado zinajengwa. Ndani ya seli, kloroplasti zenyewe hukimbilia kwenye kuta za pembeni na kusimama moja nyuma ya nyingine. Protini iitwayo fototropini 2 huhisi mwanga wa bluu na kuziamuru. Hilo huchukua dakika kadhaa.

Kinga kubwa zaidi ni ile ya kutoa joto. Mwanga ukizidi, protoni hujaa ndani ya vifuko vya thailakoidi na pale ndani panakuwa na tindikali. Protini ya PsbS huihisi tindikali hiyo na kubadili mpangilio wa antena ndani ya sekunde. Wakati huohuo kimeng'enya kingine huamka na kugeuza rangi iitwayo violaksanthini kuwa antheraksanthini, kisha zeaksanthini, ambayo huongeza nguvu ya kumwaga nishati kama joto. Kazi hiyo hutumia vitamini C. Mwanga ukishuka, zeaksanthini hurudishwa kuwa violaksanthini, polepole zaidi.

Kinachopenya hapo hukutana na wasafishaji. Lutini na beta-karotini huzima tripleti na oksijeni singleti. Vitamini E hukaa ndani ya mafuta ya utando na kukata mnyororo wa uharibifu. Superoksidi disimutasi hugeuza superoksidi kuwa peroksidi, kisha askobati peroksidasi, kwa kutumia vitamini C tena, huigeuza peroksidi kuwa maji. Vitamini C iliyotumika hurudishwa kazini kwa msaada wa glutathioni.

Na mwisho kabisa kuna fundi. D1 huharibika kila siku hata kwenye mmea mzima. Huvunjwa na protini za FtsH na Deg, kisha mpya husukwa na kupachikwa. Kwenye jua kali D1 moja huweza kudumu chini ya saa moja. Jani halifi kwa sababu D1 imeharibika, linakufa pale uharibifu unapoukimbia ukarabati. Peroksidi na singleti pia huzuia usukaji wa D1 mpya, kwa hiyo ukishaanza kuzidiwa unazidiwa haraka.

---

LuxNaMajani alijibu:

Maelezo ya hapo juu yamekaa sawa. Naongeza kipimo, maana watu hupanga neti kwa macho na macho hudanganya.

Simu nyingi zina kihisi cha mwanga. Weka programu ya kupima lux, laza simu bapa, kihisi kikitazama juu, usiegemee na kivuli chako. Kwa mwanga wa jua (si wa taa) gawanya lux kwa 54 upate mikromoli kwa kukadiria. Lux 108,000 ni kama 2,000. Simu nyingine hugota kabla ya kufika huko, kwa hiyo jua kamili usiliamini. Zitumie kulinganisha chini ya neti na nje wakati uleule. Neti kuukuu iliyoshika vumbi la barabara ya Musoma haipitishi mwanga ulioandikwa kwenye lebo, inapitisha pungufu ya hapo, na mche unazoea giza usilolijua.

Kama unaweza kupata flurometa ya umbijani (kifaa kinachopima ule mwanga mwekundu unaorudishwa na jani), kipimo cha Fv/Fm, yaani uwezo wa jani kutumia mwanga, ndicho chenyewe. Bana jani kwenye giza dakika 20 hadi 30, kisha pima. Jani zima la mimea mingi hutoa karibu 0.83. Ukipata chini ya 0.7 kuna uharibifu. Lakini pima alfajiri, kabla jua halijatoka, siyo saa saba tu. Namba ya mchana ikishuka na alfajiri ikawa imerudi 0.8, hiyo ilikuwa kinga ikifanya kazi yake, usiiguse. Alfajiri ikiwa bado 0.6, ukarabati umeshindwa usiku kucha. Namba moja ya mchana pekee haikuambii lolote la maana.

---

Luseni_na_Mbuga alijibu:

Hakuna aliyegusa udongo, na luseni ni nusu ya tatizo. Kichanga kitokanacho na mawe yetu ya granaiti hakishiki magnesi wala potasiamu kwa muda. Mvua mbili za nguvu na vimeshuka chini ya mizizi.

Magnesi ni moyo wa umbijani, lakini kwa habari hii kazi yake kubwa ni nyingine: bila magnesi na potasiamu sukari haitoki vizuri kwenye jani kwenda mizizini. Sukari ikirundikana jani linaacha kufunga kaboni, na elektroni zinarudi kwenye ile foleni aliyoitaja UmbijaniTz. Zinki, shaba na chuma navyo vimo ndani ya aina za superoksidi disimutasi. Mmea wenye upungufu huungua kwa jua ambalo mwenzake mwenye lishe analistahimili.

Kuna jaribio rahisi mno la kujua kama upungufu unachangia. Chagua jani la chini linaloanza kupata njano katikati ya mishipa, funika nusu yake kwa kipande cha karatasi nyeupe kilichobanwa kwa klipu, ukiacha hewa ipite. Baada ya siku tano hadi saba funua. Nusu iliyofunikwa ikibaki kijani na nusu ya wazi ikazidi njano, mmea una upungufu na mwanga ndio unaoumalizia. Nusu zote zikiwa sawa, tafuta sababu nyingine.

Kwa magnesi nyunyiza salfeti ya magnesi, gramu 10 kwa lita moja ya maji kwa miche, jioni baada ya saa 11, rudia baada ya wiki. Usipande hadi gramu 20 kwa miche michanga, chumvi yenyewe itachoma kingo. Urea usiiweke sasa. Mche uliojeruhiwa hauwezi kuitumia, na kwenye kichanga inapotea. Ukiona jani jipya limefunguka ndipo uweke mbolea ya CAN, kizibo kimoja cha soda kwa mche (kama gramu 5), mbali na shina kiasi cha vidole vinne, kisha mwagilia. Samadi iliyooza vizuri shimoni kabla ya kupanda inasaidia kuliko vyote hivi, ila hilo ni la msimu ujao.

---

Mwanafunzi_Nyegezi aliuliza:

Samahani wakuu, swali dogo. Kama mmea una kinga nzuri kiasi hicho ya kutoa joto, kwa nini usiiwashe muda wote ukakaa salama?

---

UmbijaniTz alijibu:

Swali zuri sana. Nishati inayotolewa kama joto haitengenezi sukari. Kinga ikiwashwa wakati mwanga ni wa kawaida, mmea unatupa chakula chake.

Na hasara hiyo ipo kila siku. Angalia mchana wa vuli hapa ziwani: wingu linapita, jua linachomoza, wingu tena, mara nyingi ndani ya saa moja. PsbS inazima haraka, lakini zeaksanthini inachelewa dakika 10 hadi 30 au zaidi kurudi. Wingu likifunika, jani linabaki linamwaga joto kwenye mwanga ambao lingeweza kuutumia wote. Mwaka 2016 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois kilichapisha matokeo ya tumbaku iliyoongezewa jeni tatu, yaani PsbS na vimeng'enya viwili vya mzunguko wa zeaksanthini, ili kinga iwake na kuzima upesi. Shambani ilitoa uzito mkavu wa ziada wa karibu asilimia 15. Kwangu mimi hiyo ni namba kubwa kwa kitu ambacho hakikuongeza hata tone la maji wala mbolea.

Jambo jingine la kuchekesha kidogo: mosi (vijimea vya kijani visivyotoa maua, viotavyo penye unyevu) na misonobari zina protini ziitwazo flavodiayani zinazomalizia elektroni za ziada kwenye oksijeni na kutoa maji moja kwa moja, bila superoksidi. Mimea inayotoa maua, nyanya ikiwemo, iliipoteza njia hiyo. Sainobakteria, ile rangi ya kijani inayoelea ghubani siku za utulivu, wanayo hadi leo, na wengi wao hawatumii zeaksanthini kumwaga joto; wana protini ya rangi ya chungwa inayobadilika ikipigwa na mwanga wa bluu.

---

Kitalu_Kisesa aliandika:

Nimeinua majani kama mlivyosema. Kivuli kimechorwa kabisa, hadi meno ya pembeni ya jani la nyanya yanaonekana. Basi dawa ya ukungu naiacha. Ila la matone ya maji hamjalijibu, na ratiba ya kuizoesha miche iliyobaki naiomba kwa saa.

---

LuxNaMajani alijibu:

Matone: tone lililolala juu ya jani laini hukusanya mwanga, lakini jua likiwa juu kitovu chake huangukia chini kabisa ya jani, si kwenye jani. Jua likiwa chini kitovu husogea karibu, ila mwanga wenyewe ni dhaifu na tone linapoza jani. Hatari ipo kwenye majani yenye nywele zisizoshika maji, ambazo hulinyanyua tone juu ya jani, kama salvinia ya majini. Hoho halina nywele hizo na limebabuka vilevile, kwa hiyo si lenzi. Kinachochoma kweli ni maji yenye chumvi nyingi, au mbolea ya majani ikikauka juani: chumvi inabaki kwenye kingo za tone na kuacha pete ya kahawia. Pete, siyo weupe.

---

Luseni_na_Mbuga alijibu:

Ratiba. Kwa miche iliyotoka asilimia 75 usikimbilie chini ya siku kumi. Siku mbili za kwanza funua neti tangu saa 12 na nusu asubuhi, rudisha saa 3. Siku ya tatu na ya nne rudisha saa 4, na funua tena saa 10 jioni. Kuanzia ya tano hadi ya saba acha wazi hadi saa 5, funua tena saa 9. Ya nane na ya tisa wazi mchana kutwa. Ya kumi hamisha, saa 11 jioni, udongo ukiwa umelowa tangu asubuhi. Siku ikiwa na mawingu mazito usiihesabu. Mche haukujifunza chochote siku hiyo. Na ukipata neti ya asilimia 50 kwa msimu ujao, wiki nzima ya kazi hii inapungua.

Kosa linalorudiwa na wengi ni kunyima maji na kuongeza jua siku zilezile, kwa imani kwamba mche "unakomaa". Ni kweli kupunguza maji hukaza mche, lakini vinyweleo vikifungwa wakati jua linapanda unatengeneza hali ileile ya elektroni kukosa pa kwenda. Jua kwanza, maji yakiwa kamili asubuhi. Siku tatu za mwisho ndipo upunguze kumwagilia, na hata hapo mche usilegee saa sita mchana.

Dalili kwamba umezoea: jani jipya ni dogo, nene kidogo, linakatika kwa mlio ukilikunja, na shina la nyanya lina rangi ya zambarau upande wa jua. Zambarau ikiwa chini ya majani na mche umedumaa, hiyo ni njaa ya fosforasi, jambo jingine. Majani mapana yaliyokulia kivulini hayatageuka kuwa ya jua. Yataongeza rangi za kinga na vimeng'enya kiasi, lakini unene wake ulishapangwa. Jicho lako liwe kwenye jani jipya.

Shambani, wiki ya kwanza chomeka matawi au nyasi upande wa magharibi wa kila mche. Saa nane hadi saa kumi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu joto limeungana na mwanga na ukarabati wa D1 hulegea kwenye joto. Anayepata unga wa kaolini (udongo mweupe laini) anaweza kunyunyiza gramu 30 hadi 50 kwa lita. Jani linabaki na utando mweupe unaorudisha sehemu ya mwanga. Utikise pampu kila mara, unazama upesi na kuziba nozeli.

---

Kitalu_Kisesa aliuliza:

Asanteni sana. Na hii iliyokwisha kuwa nyeupe shambani, niing'oe?

---

UmbijaniTz alijibu:

Angalia kilele cha mche, pale majani mapya yanapotokea. Kikiwa kijani na mche una angalau majani mawili yenye zaidi ya nusu kijani, uache. Kikiwa kimekauka kwenye hoho, badilisha mche, utakuchelewesha. Nyanya ivumilie kidogo, huchipua kwenye makwapa ya majani.

Sehemu iliyobabuka hairudi kuwa kijani, kloroplasti zake zimekufa. Lakini usiyachume majani hayo sasa. Yanakinga shina na chipukizi lisilo na neti tena, na ukiyaondoa jua linahamia kwenye majani ya chini ambayo yalikuwa kivulini hadi jana, nayo yatafuata njia ileile. Subiri hadi majani mapya matatu yawe yamefunguka vizuri, kisha uchume yaliyokauka, jioni, machache kwa siku. Ukumbuke hili pia hoho zikianza kuzaa: ukipogoa majani mengi kwa mara moja, tunda linalofunuliwa ghafla hutoka baka jeupe linalolegea upande wa jua, na hapo sokoni halichukuliwi.